Faili kubwa linapokataa kuingia kwenye diski ya nje

Unasema unahamisha faili kutoka kompyuta ya zamani kwenda mpya kwa kutumia diski ya nje. Kwa kuwa picha na nyaraka zako zimenakiliwa bila shida, lakini video ya GB 6 inakataliwa kwa maelezo kwamba faili ni kubwa mno ilhali diski ya nje iko karibu tupu, ningekagua kwanza mfumo wa faili wa diski hiyo, yaani namna inavyopanga na kuhifadhi faili, kabla ya kushuku waya au kompyuta mpya. Katika Windows, bofya alama ya diski kwa kitufe cha kulia cha kipanya, kisha ufungue sifa zake. Ukikuta imeandikwa FAT32, chanzo ndicho hicho, kwa sababu mfumo huo haupokei faili moja linalofikia GB 4, hata nafasi iliyobaki iwe kubwa kiasi gani.

Suluhisho ni kuifomati diski upya kwa exFAT, mfumo mwingine wa faili usiobanwa na kikomo hicho, ambao Windows na macOS (ya kompyuta za Mac) zote huusoma na kuuandikia. (NTFS nayo ingefaa, ila Mac kwa kawaida huisoma tu.) Kufomati hufuta kila kilichomo, hivyo hakikisha kwanza kwamba nakala za picha na nyaraka bado zipo kwenye kompyuta ya zamani. Kuigawa video vipande kwa 7-Zip, programu ya kubana na kugawa faili, kunawezekana pia, lakini kwa maoni yangu ni usumbufu usio na sababu.

Usifute chochote kwenye kompyuta ya zamani mpaka uicheze video hiyo kwenye mpya, hasa dakika zake za mwisho, na ulinganishe ukubwa wake kwa baiti.