Baba mkwe anasema dunia ina miaka 6,000

SWALI: Baba mkwe ni mzee wa kanisa. Nilimwambia dunia ina miaka bilioni 4.5, akasema ni 6,000 tu, tukanuniana. Nifanyeje? – Mkwe, Karatu

JIBU: Kwanza kamwombe radhi, mwanangu. Mkwe hanuniwi.

Kisha mpeleke Oldupai, hapo jirani. Nilifundisha jiografia miaka 30 na sijaona ubao ulio bora kuliko kuta za lile korongo: chini lava nyeusi, juu yake majivu ya volkano, juu zaidi udongo mwekundu kama tofali. Mwache aangalie mwenyewe, usimharakishe.

Majivu yale yana potasiamu inayogeuka polepole kuwa gesi ya agoni. Mawe yakiyeyuka gesi hutoroka. Yakipoa, gesi huanza kujikusanya upya. Kwa kuipima, mwaka 1961 wanasayansi walipata miaka milioni 1.75 kwa tabaka lenye fuvu la Zinjanthropus, zamadamu wa kale, aliloliona mtafiti Mary Leakey mwaka 1959.

Tafadhali, usimwambie Biblia imekosea. Kitabu cha Mwanzo hakitaji mwaka. Ile miaka 6,000 inatokana na hesabu ya Askofu James Ussher wa karne ya 17, aliyesema dunia iliumbwa mwaka 4004 KK (Kabla ya Kristo). Muulize yeye anaonaje, nawe umsikilize mpaka amalize.