Mwageni mkoba kitandani

Wadogo zangu mnaoanza utarajali Mbeya, karibuni, na nianze na sweta. Juni na Julai mgonjwa anakuja na sweta mbili na kitenge juu, nawe kwa kumwonea huruma unamsikiliza kifua juu ya nguo. Mvue. Penye maji ya kifua, ukigonga mgongo unasikia butu kama umegonga gunia la viazi, na sauti ya pumzi hapo inafifia. Na usimwambie mapafu yamejaa maji: maji yapo nje ya pafu, kati ya utando unaolifunika na ule wa ukuta wa kifua.

Huku kwetu maji ya kifua yakiambatana na homa, kila mtu anasema TB, na mara nyingi hakosei. Hilo ndilo lililonipotosha kwa mama mmoja wa Tukuyu. Homa, kikohozi kikavu, pumzi inakata. "Mama, kuna dawa unatumia?" Hapana, mwanangu. Tukavuta maji, GeneXpert, kipimo cha kutafuta vimelea vya TB, haikuona kitu. Majibu hayo peke yake hayafuti TB, kwa hiyo nilishaanza kufikiria dozi ya miezi 6. Binti yake akamwaga mkoba kitandani akitafuta kadi ya bima, vikadondoka vidonge vya naitrofurantoini, antibiotiki ya UTI. Mama alikuwa na siku kama kumi anavimeza, vya duka la dawa, "vya UTI tu." Kwake hiyo haikuwa dawa ya kumtajia daktari. Tukarudi kwenye picha ya damu: eosinofili, chembe nyeupe za damu ambazo huweza kupanda mwili ukikataa dawa, zilikuwa juu, nami nilizipita bila kuziona. Tulisimamisha vidonge, na siku chache baadaye akawa anapanda ngazi mwenyewe.

Dawa kuleta maji ya kifua ni nadra, lakini ipo. Methotreksati (ya baridi yabisi na saratani), amiodaroni (ya mapigo ya moyo) na valproeti (ya kifafa) zinaweza kuleta hali hiyo. Hata aisoniazidi, dawa ya TB yenyewe, mara chache huleta ugonjwa unaofanana na lupasi (kinga ya mwili kuushambulia mwili wenyewe), wenye maji ya kifua. (Valproeti usiikatishe ghafla, utaamsha kifafa. Mpigie bingwa kwanza.)

Kwa hiyo swali la "unatumia dawa?" liacheni. Ulizeni: tangu mwezi uliopita umemeza nini, cha dukani, cha jirani, cha mitishamba? Kisha ombeni mkoba. Mkishuku dawa, jazeni fomu ya njano ya TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba), ya kuripoti madhara ya dawa, siku hiyohiyo, hata kama hamna uhakika. Wodini kwetu zipo kwenye droo ya sista wa zamu, chini ya fomu za kuomba damu.