Kabla ya kuuliza kama Hasheem alifeli

Mhariri, swali lenu la wiki hii kwa wasomaji linauliza: "Je, Hasheem Thabeet alifeli NBA?" Ni yule Mtanzania mrefu aliyefika NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani. Nimelisoma asubuhi nikiwa kwenye daladala, na hadi mchana nilikuwa bado nabishana nalo kichwani. Nina urefu wa futi 6 na inchi 6. Nimecheza senta, yaani mchezaji mrefu wa chini ya ringi, kwenye ligi ya mkoa hapa Dar es Salaam kwa miaka kadhaa, na tangu 2009 karibu kila mtu anayekutana nami mara ya kwanza ananitajia jina hilo. Zamani waliniuliza kwa nini sikumfuata. Siku hizi wananiambia afadhali sikwenda, "maana si umemwona Hasheem." Kauli hiyo ya pili inaniuma kweli, na ndiyo sababu naandika.

Yanayojulikana nitayapitia haraka. Alianza kikapu akiwa na miaka kama 15, alisoma Makongo, kisha akaenda Marekani akapita shule zaidi ya moja kabla ya kuingia Chuo Kikuu cha Connecticut chini ya kocha Jim Calhoun. Juni 2009 Memphis Grizzlies walimchagua wa pili kwenye drafti, siku timu za NBA zinapochagua wachezaji wapya kwa zamu. Wa kwanza alikuwa Blake Griffin, wa tatu James Harden, wa saba Stephen Curry. Orodha hiyo imekuwa fimbo: kila Curry, aliyekuja kuwa nyota, anapobeba kombe, kuna mtu atairusha kwenye magrupu kutukumbusha nani alitangulia kuitwa usiku ule.

Mimi nina swali linalotangulia la kwenu. Mtoto wa Dar mwenye mwili ule, kabla hajapanda ndege, nani alimfundisha miguu?

Niwaeleze nina maana gani. Februari 16, 2009, siku Hasheem anatimiza miaka 22, Connecticut walikuwa namba moja kwa ubora vyuoni na walikuwa wanacheza na Pittsburgh pale Hartford. Wiki mbili kabla, dhidi ya Providence, alikuwa amepata pointi 15, ribaundi 11 (mipira aliyoidaka baada ya mtu kukosa) na bloku 10 (mitupo aliyoizuia hewani) katika mechi moja. Huku kwetu tulikuwa tunazihesabu zile bloku kama tumezipiga sisi. Mechi ya Pittsburgh ilichezwa sisi tumelala, kwa hiyo tuliiona kesho yake kwenye intaneti kafe, vijana tumejazana nyuma ya kiti kimoja, video inakwenda kidogo inasimama, inakwenda inasimama.

Mnaikumbuka. DeJuan Blair wa Pittsburgh, mfupi kwake kwa inchi nane hivi, wanagombea ribaundi, mikono imenasana. Blair anainama, na Hasheem anapita juu ya bega la yule bwana na kuanguka sakafuni. Blair alimaliza na pointi 22 na ribaundi 23. Hasheem alimaliza na pointi 5 na ribaundi 4. Pittsburgh walishinda 76 kwa 68. Pale kafe hakuna aliyecheka. Mmoja wetu alisema ni rafu ya wazi, yule alipaswa kutolewa nje. Tukakubaliana wote, tukatoka tukiwa na hasira ya kuonewa.

Jioni tukaipeleka hasira hiyo uwanjani. Kiwanja chetu kilikuwa cha saruji, ringi moja imeinama, nyavu hazipo. Kocha wetu alikuwa mtu mzima, amewahi kucheza timu ya jeshi enzi zake, na hakuwa mtu wa maneno. Alitusikiliza tukieleza rafu ya Blair hadi tukamaliza. Kisha akauliza, "Magoti yake yalikuwaje?"

Tukamuuliza, "Ya nani, Kocha?"

"Ya kijana wetu."

Hakuna aliyeyaangalia magoti. Wote tulikuwa tumeangalia mikono.

Akaniita mimi chini ya ringi. Akamwita na jamaa mmoja tuliyecheza naye, mfupi, mpana, aliyekuwa anabeba mizigo bandarini na kuja mazoezini na vumbi la kazi. Akasema mimi nisimame kama ninavyosimama siku zote, na yule jamaa anipe mgongo akunje magoti, makalio yaguse mapaja yangu, kisha kocha akarusha mpira kwenye ubao. Sikuugusa. Akarudia. Nilikuwa namzidi yule jamaa kichwa kizima na mpira ulikuwa unadondoka mikononi mwake kila mara, kwa sababu kila nilipotaka kuruka nilikuta sina mahali pa kukanyaga. Nikaanza kumshika mabega. Kocha akasema, "Ndiyo, hapo hapo, mshike hivyo hivyo." Nikamshika, jamaa akainama kuufuata mpira, nami nikajikuta naning'inia mgongoni kwake, vidole vya miguu vimeacha saruji. Hakunirusha. Alinishusha polepole, akaniuliza, "Umeumia, kaka?"

Kocha akatukusanya. Alisema urefu unakufikisha kwenye mpira ulioko juu ambao hakuna anayekusukuma kuufuata. Mpira mwingine wote unatafutwa kwa nyonga na nyayo, na nyonga na nyayo zinafundishwa mtoto akiwa na miaka tisa au kumi, kabla mwili haujamkimbia. "Huyu kijana ameshika mpira ana miaka kumi na tano. Waliompokea kule wakaona mikono, wakamwambia simama hapo inua mikono. Nasi tungefanya hivyo hivyo." Halafu akawaambia wadogo, wale wa shule ya msingi waliokuwa wanatuokotea mipira, waje mbele wapange mistari miwili, mgongo kwa kifua. Tulifanya zoezi hilo mpaka giza likaingia, na mpira haukudundwa tena jioni ile.

Nimerefusha, najua, lakini jioni hiyo ndiyo iliyonifundisha kuangalia mechi zake zote zilizofuata. Chuoni, senta anaruhusiwa kukaa chini ya ringi akilinda muda wote anaotaka. NBA tangu 2001 kuna sheria ya sekunde tatu kwa anayelinda: kama hayupo karibu na mtu anayemkaba, lazima atoke kwenye rangi, lile eneo la chini ya ringi. Maana yake ni kwamba yule mlinzi wa lango wa Connecticut alilazimika kutembea, kwenda nje, kurudi, kugeuka na kusukumana na watu wazima. Kila alichotakiwa kufanya kilianzia kwenye miguu. Na Memphis mbele yake alikuwepo Marc Gasol, aliyekulia kwenye kikapu cha Hispania, na Zach Randolph aliyeletwa majira yale yale. Msimu wa kwanza Hasheem alipata dakika 13 kwa mechi, pointi 3.1. Februari 2010, kabla msimu haujaisha, walimshusha kwenda Dakota Wizards kwenye ligi ya maendeleo, iliyo chini ya NBA. Hakuna aliyechaguliwa juu kiasi kile aliyekuwa ameshushwa huko kabla yake. Mwaka mmoja baadaye akauzwa Houston, kisha Portland, kisha akapata misimu miwili Oklahoma City. Jumla mechi 224, wastani wa pointi 2.2 na ribaundi 2.7.

Nilipokaa kuandika nilikusudia kusimama hapo na kusema: kama kuna aliyefeli, ni sisi tuliompeleka bila msingi, na wale waliomchagua wa pili kwa kupima urefu wake.

Lakini siwezi kuandika hayo bila kumkumbuka Dikembe Mutombo, senta wa Kongo aliyevuma NBA. Naye alitoka Kinshasa akiwa amechelewa kuanza, akaingia Chuo Kikuu cha Georgetown akiwa na zaidi ya miaka 20 akilenga kusomea udaktari. Tofauti ni kwamba chuoni alikutana na John Thompson, kocha aliyejua masenta, na kila siku mazoezini alisukumana na Alonzo Mourning, senta mwingine hodari. Na kumbukeni Bismack Biyombo wa Lubumbashi, jirani yetu anayetoka mji unaozungumza Kiswahili. Aliondoka Afrika kijana, akakomazwa Hispania na timu ya Fuenlabrada, na drafti ya 2011 akachukuliwa wa saba. Hafungi sana mpaka leo. Lakini 2016 akiwa na Toronto alichukua ribaundi 26 kwenye mechi moja ya mtoano dhidi ya Cleveland, na alidumu NBA zaidi ya miaka kumi. Ukimwangalia, magoti yamekunjwa. Alijifunza. Kwa hiyo inawezekana kujifunza ukiwa umechelewa, na mtu akilipwa kama chaguo la pili, sehemu ya kujifunza huko ni kazi yake mwenyewe. Wakufunzi wa Memphis walikuwepo. Vyumba vya mazoezi vilikuwepo. Nimemtetea mtu huyu miaka mingi na bado naona nikilikwepa hilo nitakuwa nawadanganya vijana ninaowafundisha sasa, ambao wawili kati yao ni warefu kunizidi.

Basi jibu langu, kwa kuwa mmeuliza ndiyo au hapana: ndiyo, akiwa Memphis alifeli. Nasema Memphis tu. Kwa Houston simhukumu, alipewa mechi za kuhesabu kwa vidole. Akiwa Oklahoma City alifanya kazi aliyopewa, dakika chache nyuma ya Kendrick Perkins katika timu iliyokuwa inashinda. Na baada ya hapo, mtu aliyekwenda Yokohama, Japani, akarudi Marekani ligi ya chini na Fort Wayne akiwa na miaka zaidi ya 30, akaenda Taiwan, kisha akarudi Dar na kuvaa jezi ya Dar City, sioni namna ya kumwita aliyekata tamaa. Ni Mtanzania pekee aliyewahi kucheza NBA, na aliyefeli huko anafeli mahali ambapo hakuna mwingine wetu aliyefika.

Ila hiyo "ndiyo" yangu naitoa kwa sharti. Atakayeitumia kumwambia mtoto mrefu wa Mbagala au Buguruni asihangaike na kikapu, hajanisoma. Mwambieni aje mapema. Akija na miaka tisa, namtafutia viatu.

Msomaji, Temeke, Dar es Salaam