Michoro ya safari inayofanana na postikadi

Dada, umesema umerudi Lamu na picha 400 kwenye simu, lakini kila ukichora unapata kitu kama postikadi. Hapo mchawi ni simu. Kamera hufanya kivuli kiwe cheusi tii, ilhali mchana kivuli cha vichochoro vya Lamu kina ubuluu, pengine na wekundu kidogo, kwa sababu ukuta wa chokaa ulio mkabala unarudisha mwanga. Kwa hiyo rangi nyeusi ya tyubu iache. Changanya buluu nzito na kahawia.

Mchoraji Mfaransa Delacroix alipokwenda Moroko mwaka 1832 alijaza madaftari michoro ya haraka na maelezo ya rangi, akaendelea kuyatumia miaka mingi baada ya kurudi Ufaransa. Nawe, kabla hujasahau, weka simu mbali uchore kwa penseli kile unachokikumbuka tu. Kama ni punda mmoja na mlango, basi mchoro ndio huo. Majahazi na minazi viache (najua inauma). Simu utaifungua baadaye, kuhakiki nakshi za mlango.

Ukitumia rangi za maji, tafuta karatasi ya gramu 300 kwa mita ya mraba. Nyepesi hujikunja.