Kwa mnaoanza kazi ya dawa Lamu: ulizeni mabaki yanakwenda wapi

Wadogo zangu mnaoingia famasia na maabara za Lamu, chuoni mmefundishwa vizuri habari za mgonjwa asiyemaliza dozi. Lishikeni hilo. Lakini usugu, yaani bakteria kufikia hali ya kutouawa na dawa, huanzia pia mahali pasipo na mgonjwa, kwenye maji taka ya kiwanda kinachotengeneza dawa yenyewe.

Mwaka 2007 watafiti kutoka Sweden walichapisha vipimo vya maji ya mtambo unaosafisha maji taka ya viwanda vya dawa huko Patancheru, karibu na Hyderabad, India. Siprofloksasini, mojawapo ya antibiotiki, ilifika miligramu 31 kwa lita. Hicho ni kiwango kinachozidi kile cha damu ya mtu aliyemeza dozi yake, na hayo ni maji yaliyokwisha kusafishwa!

Wala wingi si hatari pekee. Maji hayo yakichanganyika na ya mto, dawa hushuka hadi kiwango kisichoua, ila kinawadhoofisha bakteria wa kawaida na kuwaachia nafasi walio sugu. Nao hupokezana jeni za usugu, hata na bakteria wa jamii nyingine. Ndiyo sababu mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Septemba 2024, wa kwanza kuhusu taka za viwanda vya antibiotiki, umegusa maji taka na taka ngumu pia. Taka ngumu naitilia mkazo kwa kuwa siprofloksasini hung'ang'ania tope linalobaki maji yakisafishwa. Utapima maji uridhike, kumbe dawa imehamia kwenye tope, na tope linamwagwa shambani. Amoksisilini haiko hivyo, yenyewe huvunjika upesi zaidi. Basi mtu akikwambia kiwanda chao kinasafisha, muulize ni dawa gani, na tope linapelekwa wapi.

Lamu hatuna kiwanda cha antibiotiki. Tuna mitaro ya wazi inayopita vichochoroni hadi baharini, na maji matamu ya mji yanatoka chini ya mchanga wa Shela. Kwa hiyo chupa ya amoksisilini ya mtoto, ambayo ikishachanganywa haikai zaidi ya wiki moja au mbili, ikibaki isimwagwe kwenye sinki. Vidonge vilivyoisha muda visitupwe jaani; punda na mbuzi wanakula huko. Viacheni kwenye pakiti zake, mvitie ndoo yenye kifuniko, muandike jina, nambari ya bechi, idadi na tarehe, kisha mvifungie mbali na dawa za kuuza hadi viharibiwe kwa idhini ya Bodi ya Famasia na Sumu. Kungoja kunachosha, najua, maana kila kitu hapa kinavuka kwa boti. Vumilieni. Na mkiagiza, agizeni kiasi kinachotoka, inayokaribia kuisha muda ikae mbele.

Siku mtakapokaa kwenye kamati ya ununuzi, msitazame bei tu. Norwe ilianza mwaka 2019 kuyapa mazingira alama katika zabuni za antibiotiki za hospitali zake. Kaunti moja haiwezi kumtikisa mtengenezaji aliye ng'ambo, lakini swali likiwa ndani ya fomu, muuzaji itambidi alijibu kwa maandishi: kiwanda kinapima mabaki ya dawa kwenye maji taka na tope lake, na ni nani anayekikagua?