Manukuu ya filamu nyumbani: anza na faili la SRT

Wengi wanaoniuliza namna ya kuweka manukuu, yaani maandishi ya yanayosemwa, kwenye video huwa wameshapakua programu nzito ya uhariri, na kompyuta inaunguruma usiku kucha ikiyachapa maandishi juu ya picha. Kwa matumizi ya nyumbani, mara nyingi huko ni kujichosha bila sababu. Maandishi yakishachapwa kwenye picha hayatoki, na herufi moja ikikosewa itabidi urudie video nzima. Mimi huyaweka kando, kwenye faili dogo la SRT. Mama yangu masikio yamepungua nguvu, na manukuu ndiyo yanayomwezesha kufuatilia hadithi pamoja nasi bila kuuliza nani kasema nini.

SRT ni maandishi matupu, hata Notepad, programu ndogo ya kuandikia ya Windows, inatosha. Kila kipande kina namba, chini yake muda, kisha maneno, halafu unaruka mstari:

12
00:01:15,200 --> 00:01:18,000
Ng'ombe wote wamerudi?
Bado wawili.

Kabla ya milisekunde (sehemu za elfu za sekunde) ni koma, si nukta. Na itazame vizuri ile alama ya ng'. Ukiandika kwenye Word hujipinda yenyewe, na deki isiyosoma UTF-8, yaani mfumo wa kuhifadhi herufi, itakuonyesha â€™ katikati ya ng'ombe. Tumia alama iliyonyooka, na uhifadhi faili kwa UTF-8.

Jina la faili lifanane na la video, herufi kwa herufi: Harusi.mp4 na Harusi.srt, folda moja kwenye flashi. Windows huficha mwisho wa jina, kwa hiyo faili linaweza kuwa Harusi.srt.txt bila wewe kujua, na runinga isilione kabisa. Washa uonyeshaji wa viendelezi vya majina ya faili uhakikishe.

Kama unatafsiri mwenyewe, hapa ndipo pa kutumia muda wako. Mistari isizidi miwili, na kila mmoja usipite herufi 42 hivi. Vitenzi vyetu ni virefu, mstari unajaa upesi. “Hawatakubaliana nasi hata kidogo tukiwaambia habari hizi leo” ikae “Tukiwaambia leo, hawatakubali.” Anayesoma anahitaji pia muda wa kuangalia nyuso za waigizaji.

Manukuu yakichelewa au kuwahi kwa kiasi kilekile tangu mwanzo hadi mwisho, fungua video kwa VLC, programu ya kuchezea video, na ubonyeze G au H. Kila mbonyezo husogeza milisekunde 50. Ukishajua tofauti, sogeza faili lote kwa Subtitle Edit, programu ya bure. Lakini kama mwanzoni yako sawa, kisha yanazidi kuachana na sauti, kusogeza hakusaidii. Hapo faili limetengenezwa kwa video ya fremu (picha moja moja) 25 kwa sekunde na yako ni ya 23.976, au kinyume chake. Baada ya saa moja tofauti hufika kama dakika mbili na nusu. Subtitle Edit ina sehemu ya kubadili kasi ya fremu, na inamaliza kazi papo hapo.

Ukitaka faili moja tu, lisipotee njiani, programu ya MKVToolNix huunganisha video na SRT ndani ya faili la aina ya MKV bila kugusa ubora wa picha, na manukuu bado unayazima kwa rimoti. Ila flashi iliyopangwa kwa mfumo wa FAT32 haipokei faili la kufikia GB 4, na deki nyingi za zamani hazisomi MKV.

Kuchapa kwenye picha nabakiza kwa deki isiyotambua SRT kwa namna yoyote. Tumia HandBrake, programu ya kubadili video, chagua Burn In (kuchapa kwenye picha), na kwanza chakata sekunde 60 tu uzijaribu kwenye runinga yenyewe, ukiwa umekaa pale mnapokaa siku zote. Herufi zikionekana ndogo, geuza SRT kuwa ASS, aina ya faili la manukuu linalobeba pia ukubwa wa herufi, kwa Subtitle Edit, ongeza ukubwa, ndipo uchakate filamu nzima.