Kosa la 429 linawatoa wateja nje ya mfumo

SWALI: Tuna mfumo wa wavuti wa wafanyabiashara wa dagaa hapa Mwaloni, Kirumba. Mtu anaingia kwa namba ya simu na nenosiri, anaona bei na oda zake. Seva inaruhusu maombi 60 kwa dakika kwa kila anwani ya IP (namba inayotambulisha kifaa au mtandao kwenye intaneti). Alfajiri wakifungua wengi, baadhi wanapata kosa la 429 kisha wanarudishwa kwenye ukurasa wa kuingia. Tupandishe kikomo hadi 600?
Msomaji, Mwanza

JIBU: Msipandishe kwanza, ndugu. Kikomo kikubwa kitaficha tatizo hadi wateja waongezeke.

429 inasema tu kwamba maombi yamezidi, subiri. Tokeni, yaani kitambulisho ambacho programu hupewa mtu akishaingia, ikiisha muda, jibu lake ni 401. Kwa dalili hizi, programu yenu inafuta tokeni kwa kosa lolote lile. Tenganisheni. Ikija 401, iombwe tokeni mpya mara moja. Ikikataliwa ndipo mteja arudishwe kuingia. Ikija 429, tokeni isiguswe: programu isome heda (maelezo yanayoambatana na jibu la seva) ya Retry-After, ambayo huja kwa sekunde au kwa tarehe na saa kamili, isubiri muda huo. Heda isipokuwepo, isubiri sekunde 1, kisha 2, 4, 8, halafu iache na kumweleza mteja. Kila muda uongezewe sehemu ya sekunde ya kubahatisha, la sivyo simu zote zilizokwama pamoja zitarudi pamoja na kukwama tena.

Chunguzeni pia ukurasa wa kwanza. Ukituma maombi sita wakati tokeni imeisha, yote sita yataomba tokeni mpya. Liende moja, mengine yasubiri jibu lake.

Upande wa seva, kuhesabu kwa IP ndiko kunakowaumiza. Simu nyingi za mtandao mmoja hutokea intaneti kwa anwani moja, kwa hiyo madalali kumi wanagawana maombi 60. Mtu akishaingia, hesabuni kwa akaunti yake. Kwenye ukurasa wa kuingia wekeni vikomo viwili: kwa namba ya simu inayojaribiwa, mfano mara 5 kwa dakika 15, na kingine kipana zaidi kwa IP. Kama kuna proksi (seva ya kati inayopokea maombi kwanza) mbele ya seva, heda ya X-Forwarded-For, inayotaja IP ya aliyetuma ombi, iaminiwe pale tu inapoandikwa na proksi yenu wenyewe. Mtu yeyote anaweza kuighushi.

SWALI: Oda ikikwama, programu irudie kutuma yenyewe?
Msomaji, Ukerewe

JIBU: Kwa 429, ndiyo, baada ya kusubiri: seva imelikataa ombi. Mtandao ukikatika katikati, huwezi kujua kama oda ilifika. Kivinjari kitengeneze namba ya kipekee kabla ya kutuma, kila marudio yabebe namba ileile, na hifadhidata ikatae kuiandika mara ya pili. Bila hivyo, aliyeagiza magunia 10 atapelekewa 20.